Sattriya: Jukwaa Limepanuka, Nyumba Inapungua

Uchezaji wa Kihindi unaofahamika Mwanjelwa, Mbeya, ni ule wa filamu za vibanda umiza: kijana na mpenzi wake wanafukuzana bustanini, mavazi yanabadilika kila ubeti, na mtafsiri anawasemea kwa Kiswahili juu ya muziki. Aliyezoea hayo atashangaa kusikia kwamba katika jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India, ipo ngoma ambayo kwa karne kadhaa ilichezwa na wanaume peke yao, wengi wao watawa wasiooa, kama sehemu ya ibada. Inaitwa Sattriya, kutokana na satra, yaani nyumba ya watawa wa Kihindu. Ukihesabu wachezaji, ngoma hiyo inastawi. Ukihesabu nyumba zilizoizaa, inakwisha. Hesabu hizi mbili hazipingani, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Mizizi yake ni Sankardev (1449–1568), mwalimu wa dini, mshairi na mtunzi wa maigizo ya ibada, pamoja na mwanafunzi wake Madhavdev. Wafuasi wao walieneza satra katika bonde zima la mto Brahmaputra. Nyingine watawa wake huoa. Katika zile ambazo hawaoi, kama Auniati na Uttar Kamalabari kwenye kisiwa cha Majuli, mtoto wa kiume huletwa na wazazi angali mdogo, akakabidhiwa mtawa mzima amlee kama mwanawe. Wanaishi pamoja katika hati, safu za nyumba zinazouzunguka ukumbi wa sala. Kwa kuwa mtawa hazai, malezi haya ndiyo uzazi wa satra. Mtawa akifa bila kulea mtu, ukoo wake wa ufundi umekatika, hata kama alikuwa mchezaji bora kuliko wote.

Mafunzo yenyewe yanahitaji mtoto anayelala hapo hapo. Huanza na mati akhara; mati maana yake udongo. Ni mazoezi ya msingi, kwa kawaida hutajwa 64, na mengi yanafanyika karibu kabisa na ardhi: kuchuchumaa magoti yametazama nje, kujikunja, kujiviringa, kuinuka tena bila kupoteza mizani. Mwili unafinyangwa polepole, miaka kwa miaka, kabla mifupa haijakomaa. Sikio nalo linafundishwa bila darasa, kwa sababu ngoma ya khol na matoazi makubwa husikika kwenye sala, mtoto atake asitake. Kisha kila mchezo una siku yake: kumbukumbu za vifo vya waasisi, au sherehe ya Raas. Bila kalenda hiyo, mchezo hauna pa kuchezwa.

Mfumo wa namna hii unaendeshwa na ardhi. Watoto na watawa lazima wale, na chakula chao kilitokana na mashamba waliyopewa na wafalme wa Ahom pamoja na michango ya waumini. Mwaka 1959 Assam ilitunga sheria iliyoiruhusu serikali kuchukua ardhi za taasisi za dini na kuzilipa taasisi hizo fungu la fedha kila mwaka. Nia ilikuwa kuwapa wakulima haki yao, na haki hiyo si ya kubezwa. Lakini shamba huzaa mpunga bei ipande ishuke, ilhali fungu lililopangwa hubaki pale pale huku bei zikikimbia. Satra ikaanza kutegemea ruzuku, na mtoa ruzuku ana mambo yake anayotaka kuyaona.

Pigo jingine lilitoka mtoni. Tarehe 15 Agosti 1950 tetemeko lenye ukubwa wa 8.6 lilipiga mpaka wa Assam na Tibet. Milima iliporomoka, mchanga na mawe yakashuka, kina cha Brahmaputra kikajaa mashapo. Mto uliopoteza kina hutafuta upana: unagawanyika, unahamahama, unapiga kingo zake. Majuli ni kisiwa cha mashapo laini. Maji yanakula chini, udongo wa juu unabaki ukining'inia, kisha unadondoka kwa vipande, mara nyingi wakati mafuriko yanapungua na watu wanadhani hatari imepita. Msomaji wa Kyela haelezwi sana hili; Songwe wa chini umehama mkondo mara nyingi kiasi cha watu kulala upande mmoja wa mpaka na kuamka na shamba upande wa pili. Tofauti ni ukubwa. Majuli ilikuwa na kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Leo hutajwa 880, na hata hizo zinabishaniwa, kwani hutegemea kama mchanga usiolimika unahesabiwa kuwa nchi kavu. Satra kisiwani, zilizokuwa 65 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, zimebaki 22 hivi.

Zilizoondoka hazikufa zote. Tawi la Kamalabari, kwa mfano, lipo Titabor, ng'ambo ya mto. Vitabu hubebeka, ngoma hubebeka. Kisichobebeka ni eneo la kutosha safu zote za hati pamoja na mashamba, na waumini wa jirani ambao ndio waliokuwa wakitoa watoto. Familia iliyohamishwa na mto mara mbili, yenye watoto wawili badala ya saba, itamtoa yupi? Na anayetolewa leo huenda shule asubuhi kama wenzake, jambo ambalo ni haki yake; saa hizo zinakatwa kwenye mati akhara.

Wakati msingi ukiliwa, paa lilikuwa likipakwa rangi. Mwaka 1958 msomi Maheswar Neog aliipeleka ngoma hii kwenye kongamano la taifa la uchezaji mjini Delhi. Watawa kama Maniram Dutta na Raseswar Saikia walikuwa wakiifundisha nje ya satra, na wanawake, ambao ndani hawakuruhusiwa kucheza, wakaingia. Tarehe 15 Novemba 2000 Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya muziki na maigizo, iliitambua Sattriya miongoni mwa ngoma za kale za India. Wanaowalaumu wanawake kwa kuiharibu wanakosea mshitakiwa: bila wao, ngoma ingekuwa na wachezaji wachache mno leo. Swali gumu ni aina ya mchujo ulioletwa na jukwaa. Jukwaa linataka dakika 10 au 15, mavazi ya hariri yanayong'aa kwenye taa, na mwili unaoweza kufunzwa jioni mbili kwa wiki. Michezo inayokidhi hayo inarudiwa na kuingia kwenye mitihani. Isiyokidhi haipigwi marufuku na mtu. Haiombwi, basi.

Nyanda za Juu Kusini zimewahi kuona jambo hili. Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1951, alieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa, ambako wavulana wa miaka 10 hivi walitoka kwa wazazi wao na kujenga vibanda vyao pamoja. Ardhi ikabana, vijiji hivyo vikatoweka. Ngoma bado zinapigwa Tukuyu na Kyela, kwenye matamasha, mbele ya mgeni rasmi, kwa muda uliopangwa na mshereheshaji.

Watakaopinga watataja Bharatanatyam ya kusini mwa India, ambayo mfumo wake wa wanawake wa mahekalu ulipigwa marufuku na sheria ya Madras mwaka 1947, na bado inachezwa hadi Dar es Salaam na Nairobi. Ni kweli. Lakini familia zilizoirithisha kwa vizazi zilisukumwa pembeni, na kilichonusurika kilipangwa upya na watu wa tabaka jingine, kwa hadhira nyingine. Aliyechelewa kuzaliwa hana njia ya kupima kilichoachwa. Sattriya inatofautiana hapo tu: hati bado zina watu, na mtoto anayefundishwa mati akhara msimu huu anaweza kuhesabiwa kwa kidole. Ruzuku za sanaa huomba idadi ya maonyesho. Fomu hazina safu ya watoto walioletwa mwaka huu, wala ya mita ambazo mto umesogea kutoka ukumbi wa sala.