KUPIMA KUMBUKUMBU ZA WAZEE SI KUPIMA ELIMU YAO

Askari aliye zamu kwenye kizuizi cha barabara kati ya Nakivale na Mbarara humwuliza mzee atokako na aendako. Mzee akisita, hudhaniwa kuwa amelewa au anaficha jambo. Lakini ipo sababu ya tatu, nayo ni maradhi.

Wataalamu huiita hali hiyo upungufu mdogo wa utambuzi. Mwenye nayo husahau kupita kiasi cha umri wake, ingawa bado hulima na kujitunza. Huo si wazimu. Wengine hubaki hivyo kwa miaka, wengine hupata nafuu, na wengine huingia katika dimensia, yaani kuharibika kwa ubongo hata mtu akashindwa kujihudumia. Ndiyo sababu hapana budi kupimwa mapema.

Kipimo kilichoenea sana duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975 na Daktari Marshal Folstein na wenzake. Kina alama 30. Mzee huulizwa tarehe na majira, hutoa 7 katika 100 mfululizo, huandika sentensi na kunakili maumbo mawili ya pembe tano. Mwaka 2005 Daktari Ziad Nasreddine wa Kanada alitangaza kipimo kingine cha alama 30, kikali zaidi katika kutambua upungufu mdogo. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezwa alama 1.

Sasa tutazame Nakivale, wilayani Isingiro, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanyarwanda walitangulia, baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mzee asiyewahi kushika kalamu atanakili nini? Alama 1 haiwezi kufidia shule nzima aliyoikosa. Tena akiulizwa kwa lugha asiyoimudu, kilichopimwa ni lugha, wala si kumbukumbu.

Jirani zetu wameonyesha njia. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti wa nchi hiyo na wa Uingereza walitunga kipimo kifupi cha dimensia kilichotangazwa mwaka 2014, kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee hukumbuka maneno 10, hutaja wanyama kwa dakika 1, hueleza daraja ni nini, hutaja siku ya juma na kiongozi wa kijiji, na hupanga njiti 4 za kibiriti kwa kufuata mfano.

Hata hivyo, alama peke yake si hukumu. Uziwi, macho mabovu, pombe, ugonjwa wa tezi, upungufu wa vitamini na majonzi ya vita huweza kumshusha mtu alama, na mengi ya hayo hutibika. Kazi ya kuyatenganisha ni ya daktari, kama wale wa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara.

Wajibu wa askari ni mwepesi zaidi. Kiswahili, lugha ya majeshi yetu, hufahamika kwa wengi waliotoka Kongo. Mwulize mzee polepole, swali moja moja, usimfokee, watafute jamaa zake, na uwashauri wampeleke kituo cha afya. Mzee aliyepotea njia hana hatia ya kujibu. Anahitaji ulinzi, na ulinzi ndiyo kazi tuliyoapa kuifanya.