Kabla ya dirisha la ubalozi, zungumzeni nyumbani

Alikuja Alhamisi jioni, baada ya ibada ya maombi, akiwa na faili la plastiki kwapani. Ndani yake alikuwa amepanga kila kitu: cheti cha ndoa, picha za harusi, picha za siku wazee wa pande mbili walipokutana kuzungumzia mahari, jumbe za M-Pesa, na kurasa nyingi za mazungumzo ya WhatsApp alizozichapisha kwenye saiba ya mtaani.

"Mchungaji, naomba uniombee," akasema. "Mahojiano yangu ya visa kule Gigiri yamebaki wiki tatu."

Mkewe alizaliwa hapa Kenya, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mdogo, na sasa ni raia wa huko na muuguzi katika jimbo la Minnesota. Niliwafungisha ndoa mimi mwenyewe. Wiki tatu baada ya harusi, bibi harusi alirudi kazini, na tangu siku hiyo ndoa yao imekuwa ikiishi ndani ya simu.

Nilimwombea. Kisha nikamuuliza swali ambalo huwauliza wachumba wote kabla ya harusi, na ambalo wao wawili niliwauliza kwa haraka kwa sababu likizo ya binti ilikuwa fupi: "Kuna jambo lolote katika maisha yako ambalo mkeo halijui?"

Alinyamaza kwa muda. Akalifunga lile faili polepole.

"Kuna mtoto," akasema.

Ni mvulana wa miaka tisa anayelelewa na nyanya yake kijijini. Mkewe alimwona siku ya harusi, akampenda, hata akamnunulia viatu vya shule, akiamini kwamba ni shemeji yake mdogo, kitinda mimba wa mama mkwe. Na katika fomu ya visa inayomtaka mwombaji aorodheshe watoto wake wote, kijana wangu alikuwa amejibu kwamba hana mtoto.

Mume na mke mpakani

Mpendwa msomaji, Biblia inamjua kijana huyu. Fungua Mwanzo 12. Njaa imeingia nchini, na Abramu anaamua kuhamia Misri pamoja na mkewe Sarai. Kabla ya kuvuka, wanafanya kile ambacho wengi hufanya leo kabla ya kwenda ubalozini: wanapatana watakachosema wakiulizwa. Abramu anamwomba mkewe ajitambulishe kama dada yake, maana anahofia Wamisri watamuua ili wamchukue mwanamke mzuri kama huyo.

Mpango ulifaulu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Farao alimchukua Sarai nyumbani kwake, naye Abramu akapewa kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Alitajirika kwa uongo, lakini usiku alilala peke yake hemani. Mungu alipoipiga nyumba ya Farao kwa mapigo, ukweli ulijitokeza, na wakatolewa nchini.

Katika Mwanzo 20 anarudia hila ileile mbele ya Abimeleki, mfalme wa Gerari. Alipobanwa, alijitetea kwamba Sara kweli ni dada yake, mtoto wa baba yake ingawa si wa mama mmoja. Kwa maneno mengine, hakudanganya kabisa. Alisema nusu ya ukweli na kuificha nusu ile iliyokuwa muhimu.

Kijana wangu naye alikuwa na nusu yake. Mvulana yule kweli amelelewa na mama yake kama mtoto wake wa mwisho. Kijiji kizima kinamwita hivyo. Lakini nusu ya ukweli haimtoshi mtoto, na haimtoshi mke.

Kinachoulizwa dirishani

Nasimulia haya kwa ruhusa ya wahusika, kwa kuwa katika makanisa yetu hakuna mwezi unaopita bila mtu kuombewa "mlango ufunguke". Ni vyema tujue mlango huo unafunguliwa namna gani.

Kwa njia ya Marekani, safari huanza na mwenzi aliye kule. Huwasilisha ombi, fomu I-130, kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli. Likikubaliwa, mwenzi aliye huku hujaza fomu ya visa ya mhamiaji, DS-260, na kukusanya stakabadhi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Hupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa. Mwenzi wa kule naye husaini hati ya kuahidi kumtunza mgeni wake, na kwa kawaida huonyesha kwamba kipato chake kinafikia angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali ya nchi hiyo.

Waliooana kimila wasisahau kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, lakini zote zinapaswa kusajiliwa. Picha za mbuzi wa mahari ni ushahidi mzuri, lakini hazichukui nafasi ya cheti.

Siku ya mahojiano, mwombaji huinua mkono wa kulia na kuapa kwamba atasema kweli. Afisa huuliza mambo ya kawaida. Mlikutana wapi? Nani aliwakutanisha? Mwenzako anafanya kazi gani, zamu ya usiku au mchana? Wazazi wake wako wapi? Mliwahi kuoa au kuolewa kabla? Mna watoto?

Kwa wale ambao tayari wako Marekani na wanaombea ukaazi wakiwa huko, mume na mke kwa kawaida huitwa pamoja. Afisa akiwa na shaka, anaweza kuwatenganisha na kumuuliza kila mmoja maswali yaleyale, kisha akalinganisha majibu.

Ukiyatazama vizuri, si maswali ya sheria hata kidogo. Ni yale ambayo mama mkwe angekuuliza akikutana nawe sokoni. Anayeishi na mwenzake kwa ukweli huyajibu bila kukariri.

Wauza majibu

Hata hivyo wako watu mjini wanaouza majibu. Watakupangia hadithi ya mlivyokutana, watakuambia upunguze umri huu na ufiche jambo lile, watakukaririsha rangi ya mapazia ya nyumba ambayo hujawahi kuingia. Wengine huuza ndoa yenyewe.

Tusidanganyane kuhusu uzito wa jambo hili. Tangu mwaka 1986 Marekani ina sheria maalumu dhidi ya ndoa za kughushi. Anayefunga ndoa ili kuikwepa sheria ya uhamiaji anaweza kufungwa hadi miaka mitano na kutozwa faini ya hadi dola 250,000. Akishabainika, ombi lolote la baadaye la kumleta kama mwenzi huzuiwa, hata kama safari hiyo amempata mke au mume wa kweli. Na mwenye ndoa halali akidanganya kuhusu jambo la msingi, anaweza kuzuiwa kuingia nchi hiyo maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu.

Visa yenyewe si mwisho. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili siku mtu anapoingia Marekani, hupewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho kabla ya kadi hiyo kuisha muda, mume na mke kwa kawaida huwasilisha ombi la pamoja, wakionyesha kwamba wamekuwa wakiishi kama mume na mke. Majibu ya kununua yatakufikisha dirishani tu. Hayatakuandalia chai asubuhi wala kukuuguza ukiwa na homa.

Jiandaeni wawili

Basi wanandoa wajiandae vipi? Nawapa ninayowashauri watu wangu.

Kwanza, someni fomu yote pamoja, hata kama ni kwa simu, swali kwa swali, kabla ya kuituma. Wengi humwachia mmoja ajaze, au humpa mtu wa saiba, kisha mwenzake hajui kilichoandikwa. Fomu hiyo itauliza ndoa za zamani, watoto, makosa mbele ya mahakama, na visa mlizowahi kunyimwa. Ni afadhali mkeo ayasikie hayo kutoka kinywani mwako kuliko kutoka kwa afisa.

Pili, zungumzeni kuhusu fedha. Nimewaona wanandoa ambao hawajawahi kutajiana mshahara mpaka hati ya matunzo ilipowalazimisha. Mke wa kule anafanya zamu mbili huku mume wa huku akidhani dola huokotwa. Mwambieni mwenzenu mnachopata, mnachodaiwa, na mnachowatumia wazazi.

Tatu, simulianeni upya hadithi yenu. Si kwa kukariri, bali kwa kukumbushana. Siku ile mvua iliponyesha ukumbini, nani aliazima mwavuli? Mkigundua mnakumbuka tofauti, msitengeneze jibu moja la uongo. Mtu mkweli anaruhusiwa kusema kwamba amesahau.

Nne, lililo la aibu lisemwe mapema. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nirudi kwenye Maandiko kidogo. Miaka mingi baada ya Ibrahimu, mwanawe Isaka alikwenda Gerari naye akarudia kosa la baba yake, akasema Rebeka ni dada yake. Mwanzo 26 inasimulia jinsi uongo huo ulivyogunduliwa. Hakuna aliyewahoji. Abimeleki, mfalme wa Wafilisti, alichungulia dirishani tu, akamwona Isaka akimchezea Rebeka kwa namna ambayo mtu hamchezei dada yake. Akajua papo hapo kwamba hawa ni mume na mke.

Napenda sana dirisha lile. Isaka na Rebeka walikuwa wameificha ndoa yao kwa maneno, lakini ilionekana katika maisha yao. Leo wapo wanaoionyesha ndoa kwa maneno, na ukichungulia dirishani hakuna kitu. Swali la kujiuliza Jumapili ya leo, uwe unakwenda ubalozini au huendi popote, ni hili: mtu akichungulia nyumbani kwenu bila ninyi kujua, ataona nini?

Simu ya saa nne usiku

Kijana wangu aliogopa mambo mawili: kunyimwa visa na kuachwa. Nilimwambia siwezi kumhakikishia lolote kati ya hayo. Lakini nilimkumbusha kuna mtu wa tatu hapa. Sheria ya Marekani humruhusu raia kumwombea mtoto wa kambo, iwapo ndoa ilifungwa kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Mvulana alikuwa na miaka saba siku ya harusi. Mlango wake ulikuwa wazi, na baba yake ndiye aliyekuwa akiufunga. Ni vigumu kumwombea kesho mtoto ambaye leo umeapa kwamba hayupo.

Alipiga simu usiku huohuo saa nne, akiwa ameketi ofisini kwangu. Nilitoka nje nikawaacha. Aliporudi kunitafuta, macho yalikuwa mekundu. Mkewe alikuwa amesikiliza yote, akakata simu.

Kwa siku nne hakupokea simu. Siku ya tano alinipigia mimi, akanilaumu, na alikuwa na haki. "Mchungaji, ulituuliza kwa dakika kumi," akasema. Sikuwa na la kujitetea. Tangu hapo simfungishi mtu ndoa kwa sababu tiketi ya ndege imekaribia.

Siku ya mahojiano alikwenda Nairobi kwa matatu ya alfajiri. Afisa alipoanza kumuuliza, alisema kabla ya jambo lingine lolote kwamba fomu yake ina kosa, kwamba ana mtoto, na kwamba mkewe sasa anajua. Hakupewa visa siku hiyo. Alipewa karatasi ya kumtaka alete stakabadhi zaidi, kikiwemo cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ninapoandika makala haya bado wanasubiri jibu, na linaweza kuwa lolote.

Bwana Yesu, katika Mathayo 5, alifundisha kwamba neno la mfuasi wake linapaswa kuaminika hata bila kiapo. Kijana wangu aliinua mkono wa kulia mbele ya afisa, lakini kiapo chake kikubwa alikuwa amekwisha kukitoa ofisini kwangu, simu ikiwa sikioni.

Wiki iliyopita alinionyesha ujumbe kutoka kwa mkewe. Hakuandika kwamba amesamehe yote, na sidhani kama amefika huko. Alikuwa ameuliza swali moja tu: viatu vya shule alivyomnunulia yule mvulana bado vinamtosha, au miguu imekua?

Jumapili njema.