Takrima Haiishi kwa Kupigwa Marufuku

Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitoa hukumu inayostahili kukumbukwa kila msimu wa uchaguzi. Ilifuta vifungu vya Sheria ya Uchaguzi, vilivyoingizwa mwaka 2000, vilivyomruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura bila kuhesabiwa kuwa ametoa rushwa, mradi ukarimu huo uwe wa jadi na wa nia njema. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikuwa miongoni mwa waliofungua shauri. Mahakama ilikubali kwamba takrima ilimpendelea mgombea mwenye fedha na kuvunja usawa unaolindwa na Katiba. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Hata hivyo pilau, kanga, fulana na bahasha havijatoweka.

Wengi husema sababu ni tamaa ya wapiga kura. Maelezo hayo hayatoshi, na yanamwonea mwananchi.

Tuanzie kwenye historia. Chini ya Azimio la Arusha la 1967, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni wala nyumba ya kupangisha. Chama tawala, CCM, kililegeza masharti hayo katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Mwaka uliofuata mfumo wa vyama vingi ukarejea. Ushindani wa vyama na fedha binafsi za wanasiasa vikaingia uwanjani kwa pamoja. Wakati huohuo serikali, ikibanwa na mageuzi ya uchumi, ilikuwa ikiwataka wananchi wachangie gharama za shule na matibabu. Mzazi aliyekosa ada alitafuta wa kumkimbilia, na mwanasiasa aliyetafuta kura alikuwa tayari kukimbiliwa.

Huo ndio ufadhili wa kisiasa: mkubwa hutoa msaada, kazi au ulinzi, na mdogo hulipa kwa kura na utii. Lakini kura ni ya siri. Mfadhili atajuaje kama amelipwa? Hapo ndipo wapambe wanapohitajika. Wao wanajua nyumba yenye mgonjwa na yenye msiba, hupeleka rambirambi, husikiliza nani anasema nini, na huhakikisha inafahamika nani atapokelewa baada ya uchaguzi na nani atazungushwa. Kwa hiyo fulana ya kampeni ni zaidi ya bei ya kura moja. Inamwonyesha mpokeaji kwamba mgombea huyu ana uwezo na hatamsahau. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Penye zahanati isiyo na dawa, kumfuata mwenye uwezo ni uamuzi wa busara.

Busara hiyo ya mtu mmoja mmoja ndiyo inayoliumiza jimbo zima. Mbunge aliyelipa ada na kugharimia mazishi huona deni lake limekwisha. Haulizwi alisimama wapi bajeti ilipojadiliwa, wala alifanya nini baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua ubadhirifu. Naye aliyetumia fedha nyingi kushinda hushawishika kuzirudisha kupitia zabuni na vyeo. Hali huwa mbaya zaidi ndani ya vyama, pale kura za maoni zinapoachiwa wajumbe mia chache, kwa kuwa wachache ni rahisi kuwafikia kwa bahasha kuliko jimbo zima.

Upande wa pili wa ufadhili ni vyeo. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri wote huteuliwa na Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba wakurugenzi hawa wasisimamie uchaguzi; Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Anayeishi kwa hisani ya aliyemteua hupata shida kumpinga, hata akiwa mwadilifu.

Kuhusu misaada kwa wananchi, Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2003 ilianzisha mfuko wa maendeleo ya majimbo ili fedha za umma ziwafikie wananchi huko waliko. Matokeo yake, karo iliyotokana na kodi ilianza kuonekana kama zawadi ya mbunge. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba, ukiwemo mgawanyo wa madaraka. Tanzania nayo, tangu 2009, ina mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake.

Sheria dhidi ya rushwa zinahitajika, lakini peke yake hazitoshi. Kinachomnyima mfadhili nguvu ni huduma inayopatikana kwa utaratibu, bila kumjua mtu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa mwaka 2016, na ya cha tano na sita mwaka 2022, mzazi alipunguziwa sababu moja ya kupiga hodi kwa mbunge. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ikitekelezwa kikamilifu, itapunguza nyingine. Ajira za umma zikitolewa kwa ushindani wa wazi, wapambe watapungukiwa na cha kuahidi.

Basi mgombea akija na kanga, tumuulize: ukishinda, ni huduma gani utaifanya iwe haki yetu hata tusipokupigia kura? Mwenye jibu la kueleweka ndiye anayestahili kupelekwa bungeni.