Kumfunza Karani kwa Mkasa na Mchezo

Kuwaelimisha wanachama, viongozi na watumishi ni mojawapo ya misingi ya ushirika. Nchini Tanzania kazi hiyo ilipata makao mwaka 1963, Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa Moshi. Chuo hicho, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kiliwafikia wanaushirika vijijini kwa masomo ya posta, redio na vikundi vya kusoma. Leo simu ya mkononi yaweza kuendeleza kazi hiyo. Lakini kitabu kilichohamishiwa ndani ya simu kingali kitabu. Karani atakisoma, atajibu maswali, na siku ya kupima pamba atafanya yale yale aliyoyazoea.

Linalomfaa zaidi ni mkasa: tukio la kazini linalomtaka aamue. Njia hii si ngeni. Mwaka 1978 Shirika la Kazi la Kimataifa lilianzisha mpango wa MATCOM, uliotayarisha zana za kufundishia uendeshaji wa vyama vya ushirika, na mikasa na maigizo yalikuwa sehemu ya zana hizo.

Mfano wa kubuni

Ni msimu wa pamba katika kituo cha kununulia wilayani Butiama. Foleni ni ndefu na gari limekwisha kufika. Karani anagundua kuwa mizani ikiwa tupu husoma kilo 2 chini ya sifuri. Wakulima 10 wamekwisha kupimiwa. Afanyeje? Simu inampa njia tatu: aendelee, arekebishe jioni; awaongezee waliobaki kilo 2 daftarini; au asimamishe kazi, amwite katibu, airudishe mizani kwenye sifuri na kuwapimia upya wale 10 kabla pamba yao haijachanganywa.

Akichagua njia ya kwanza, simu isimwambie tu kwamba amekosa. Imwonyeshe jioni yake: wakulima 40 wamepunjwa kilo 2 kila mmoja, jumla kilo 80, pamba ya ghalani imezidi ya daftarini, na wanachama wanauliza haki yao imekwenda wapi. Akichagua ya pili, wale 10 wa kwanza wamebaki na hasara, na daftari halilingani na mizani. Maelezo ya kanuni yafuate baadaye, akili yake ikiwa imekwisha kuyahitaji.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, mtungaji aanze na tendo analotaka libadilike. Aulize: ni kosa gani linalowagharimu wanachama, na hutokea wakati gani?

Pili, majibu yasiyo sahihi yawe yale ambayo mtu mwema aliyechoka angeyachagua. Jibu la kipumbavu halimfundishi mtu.

Tatu, alama zitolewe kwa uangalifu. Zikitolewa kwa kasi, karani atajifunza haraka, na haraka ndiyo inayozaa kosa la mizani. Zitolewe kwa kukagua, kuandika na kukiri kosa mapema. Nazo zihesabiwe kwa chama kizima, ili aliyeelewa amsaidie mwenzake.

Nne, alama hizo zisitumike kumwadhibu mtumishi. Mwenye hofu hutafuta jibu la kumpendeza mkubwa wake.

Tano, somo liwe la dakika chache, liweze kufunguliwa hata pasipo mtandao, na lijaribiwe na makarani wachache kabla ya kuenezwa.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa mpenzi wa bao. Kila mchezaji wa bao anajua kuwa mchezo huo haufundishwi kwa hotuba. Mwanafunzi huketi, hucheza, huliwa kete zake, kisha hurudia akiwa ameona alipokosea. Mafunzo ya karani yafuate mwendo huo.

Chama kisicho na simu za kutosha hakina sababu ya kungoja. Katibu aandike mkasa mmoja karatasini, ausome mbele ya makarani na wajumbe wa bodi, na kila mmoja atoe uamuzi na sababu zake kabla msimu haujafunguliwa. Kosa la mchezoni husahihishwa kwa kurudia. Kosa la mizani hulipwa na mkulima.