Kiwavi Mgeni Katika Mahindi Yetu



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi na malipo ya ugonjwa. Leo nitazungumza juu ya kiwavi. Asije mtu akasema katibu wa tawi ameacha kazi ya chama akageuka bwana shamba. Kila mmoja wetu anayekaa katika kambi za mashamba ya miwa hapa Busoga anajua kwamba mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Kinachojaza pengo ni kile kibustani cha mahindi na maharagwe nyuma ya nyumba au kando ya mtaro. Adui akiingia humo ni sawa na kukatwa mshahara, na hapo hakuna ofisi ya kupelekea malalamiko.

Wazee wetu waliwajua viwavijeshi wa zamani. Walikuja kwa makundi, wakatambaa chini kama askari, wakala majani na nyasi, kisha wakatoweka, na miaka ingeweza kupita bila kuwaona tena. Huyu wa sasa si yule. Kwao ni bara la Amerika. Mwaka 2016 alionekana Afrika Magharibi, na mwaka 2017 serikali ya Uganda ikatangaza kwamba amekwisha fika. Nondo wake, ambaye ndiye mama yake, anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo. Mpakani hakuulizwa pasi. Ukitaka kumtambua, tazama kichwani: ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama miguu minne ya meza.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea, na afadhali niseme. Msimu wa kwanza wa mwaka 2018 niliona majani ya mahindi yangu yametoboka kama chekecheke. Nikachukua pesa nilizoweka kwa ajili ya ada ya mtoto, nikanunua chupa ya sumu dukani. Karatasi yake ilikuwa ya Kiingereza cha herufi ndogo, nami niliacha shule darasa la saba. Nikapiga dawa saa sita mchana, jua kali. Baada ya wiki moja nilifungua majani nikawakuta mle mle, wanene. Ndipo afisa wa kilimo akanieleza kwamba kiwavi akishakuwa mkubwa huingia chini kabisa pale katikati majani machanga yanapochomoza, mahali tunapopaita moyo wa hindi, na kinyesi chake, kilicho kama unga wa msumeno, huziba njia juu yake. Sumu haimfikii. Waliofikiwa ni nyuki na nyigu ambao wangenisaidia.

Mimi nilipoteza pesa tu. Kijana mmoja wa kambi ya jirani alinunua sumu iliyopimwa katika chupa ya soda, haina jina wala maelezo. Hakuwa na bomba. Akaichanganya katika ndoo, akachovya tawi la majani na kunyunyiza, miguu mitupu, mikono mitupu. Usiku alitapika, mate yakimtoka bila kukoma. Zahanati ya kwanza aliyopelekwa walimpa dawa za malaria. Alipona, lakini alikosa kazi siku tisa, na siku hizo tisa hakulipwa, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuonyesha aliugua nini. Hapo ndipo niliposema jambo hili ni la chama.

Aliyenifundisha ni mama mmoja wa kikosi cha palizi, mtu wa Nebbi. Nilipomlalamikia alicheka. "Mzee katibu," alisema, "wewe unamtafuta mdudu akiwa amekwisha zeeka. Mimi namtafuta akiwa yai."

Maneno hayo ndiyo kazi yote. Nondo hutaga usiku, mayai 100 hadi 200 pahali pamoja, mara nyingi chini ya jani, na huyafunika kwa manyoya yanayofanana na pamba chafu. Baada ya siku tatu hivi wanaanguliwa. Wakiwa wadogo hukwangua ngozi ya jani upande mmoja tu, na jani hubaki na viraka vyeupe vinavyopitisha mwanga. Ukiviona viraka hivyo, bado una nafasi. Baadaye vitoto hujining'iniza kwa uzi, upepo ukawachukua mpaka mimea ya jirani, na kila mmoja akatafuta moyo wake wa kuingia. Hula wiki mbili hadi tatu, kisha hushuka udongoni, akawa buu, akatoka nondo. Katika joto letu mzunguko mzima ni kama mwezi mmoja.

Kwa hiyo yule mama hupita bustanini mara mbili kwa wiki, Jumatano jioni akitoka kazini na Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, akianza mara mahindi yanapokuwa na majani matatu manne. Akiona mayai huyaponda kwa vidole. Akiona kiwavi humtoa kwa kijiti na kumtia katika kopo la maji ya sabuni, au huwarushia kuku. Bustani yake ni hatua 20 kwa 30, na kazi hiyo haimalizi nusu saa. Siwadanganyi kwamba njia hii inafaa kwa ekari kumi. Lakini nani kati yetu ana ekari kumi?

Usiingiwe na hofu kwa kila jani lililotoboka. Simama mahali patano katika bustani, na kila mahali tazama mimea 10. Kama kati ya hiyo 50 iliyoshambuliwa haifiki 10, endelea kuponda tu. Hindi changa lina nguvu ya kurudisha majani. Likishaanza kuzaa ndipo huruma inapokwisha, maana akiingia ndani ya gunzi hakuna wa kumtoa.

Kwa yule aliyekwisha ingia moyoni, wengi wetu tunatia majivu. Yawe yamepoa na kuchungwa, na utie kiasi cha kushika kwa vidole vitatu, si konzi, kisha urudie mvua ikiyaosha. Wengine hutia mchanga laini. Pia kuna sisimizi, na hao ni vibarua wasiodai malipo. Yule mama humwagia mahindi yake maji aliyooshea mukene, sisimizi wakapanda kufuata harufu na kuwakuta viwavi. Nilidhani ni mambo ya kijijini kwake, hadi afisa wa kilimo aliponiambia kwamba Honduras, huko huko alikotoka kiwavi, watafiti walinyunyiza maji ya sukari kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ukipiga sumu, sisimizi ndio wa kwanza kufa.

Mwenye mwarobaini karibu asage mbegu zake zilizokauka, nusu kilo, aziloweke usiku mmoja katika lita 10 za maji, achuje, atie sabuni kidogo na kunyunyizia moyoni jioni. Utupa pia hutumika, ule mmea ambao Waganda huuita muluku. Hapa nasema kwa sauti: utupa ndio watu waliovulia samaki kwa kuwalevya. Usiuoshee mtoni, watoto wasiuguse, na unawe mikono. Kuota porini hakufanyi kitu kisiwe sumu.

Jambo moja mtu hawezi kulifanya peke yake, nalo ni wakati wa kupanda. Ukipanda wiki nne nyuma ya jirani, nondo waliokomaa kwake watahamia kwenye mahindi yako machanga. Kambi yetu sasa hukubaliana wiki ya kupanda, na kila mstari wa nyumba una mtu wa kuwakumbusha wengine Jumatano na Jumapili. Mwanzoni walikuwepo waliosema wamechoka na kazi ya tajiri, hawataki nyapara wa pili. Nikawaambia wana haki ya kusema hivyo, lakini mayai ya kwao yataanguliwa kwetu. Kiwavi hatukummaliza. Tulichopata ni kuvuna bila kununua chupa hata moja kwa misimu minne mfululizo.

Iko njia nyingine iitwayo sukuma-vuta. Ilianzishwa miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, huko Mbita ukingoni mwa ziwa upande wa Kenya, pamoja na wataalamu wa Uingereza, kwa ajili ya viwavi wanaotoboa mabua. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, jani la kutambaa ambalo harufu yake huwafukuza nondo, na kuzunguka shamba majani ya brakiaria ya kuwavuta nje. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania: viwavi kwa kila mmea walikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko katika mahindi yaliyopandwa peke yake. Desmodiamu huzuia pia kiduha, na mbuzi huila.

Ila desmodiamu huchukua msimu mzima kushika vizuri, kisha hudumu miaka. Nani ataipanda katika kiwanja anachoweza kunyang'anywa wiki ijayo ili ipandwe miwa? Katika kambi moja mahindi yaling'olewa yakiwa yanatoa ndevu. Kwa hiyo kamati yetu imeandika madai mawili: kiwanja cha mfanyakazi kisiguswe kabla ya mavuno, na anayetaka apewe kwa maandishi ya miaka mitatu. Barua ilipokelewa na kupigwa mhuri. Tumeambiwa tungoje. Wakati tukingoja, mvua za kwanza zimekwisha nyesha, na wiki ya kupanda ni hii.