Kufuta, Kuficha na Kusitiri: Istilahi za Uhariri wa Picha

Watu wengi siku hizi hujifunza kuhariri picha kwa kompyuta kwa kufuata masomo ya mtandaoni. Mwanafunzi wa namna hii aghalabu yu peke yake. Neno likimpotosha, hapana mtu kando yake wa kumsahihisha, na kazi huharibika. Ndiyo maana tunaonelea kuwa yafaa istilahi za fani hii zitengwe barabara.

Tuchukue picha ya bibi arusi aliyesimama mbele ya ukuta uliochakaa. Mwanafunzi aambiwapo “futa ukuta”, atashika kifutio. Kifutio huondoa pikseli zenyewe. Akihifadhi faili na kuifunga, hazirudi tena, na nywele zilizofutwa kwa bahati mbaya zimepotea pamoja na ukuta.

Iko njia nyingine. Picha huwekewa pazia lisiloonekana: palipopakwa rangi nyeusi hapaonekani, palipopakwa nyeupe huonekana, na penye kijivu huonekana kwa kiasi. Picha yenyewe haiguswi. Nywele zikipotea, hupakwa nyeupe zikarudi.

Pazia hilo tuliiteje? Wengine watapendelea “barakoa” au “kinyago”. Maneno hayo humpeleka msomaji kwenye uso na ngoma, wala hayaelezi kazi ya chombo. Sisi tunapendekeza “kisitiri”, kutokana na kitenzi “kusitiri”. Kazi hii ni kongwe kuliko kompyuta: wasafisha picha wa chumba cha giza walikuwa wakikinga mwanga kwa kipande cha kadibodi ili sehemu fulani ya karatasi isipigwe nao.

Kwa upande wa picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, hatuna haja ya kubuni neno. Programu ya Photoshop, iliyotolewa mwaka 1990, ilipata uwezo huo mwaka 1994. Kiswahili kina “tabaka”, neno lililokwisha zoeleka katika jiografia na siasa. Tabaka zima linapozimwa lisionekane, tuseme “kuficha”.

Basi, kwa ufupi: kufuta ni kuondoa kabisa, kuficha ni kuzima tabaka zima, kusitiri ni kufunika sehemu yake kwa namna inayoweza kufunuliwa. Twawaomba walimu wa masomo haya wayapime maneno hayo katika kazi zao. Istilahi itakayomwokolea mwanafunzi picha yake ndiyo itakayodumu.