Wapelekeni Wanafunzi Bura

Shule za Garissa zinapopanga ziara ya masomo, aghalabu macho hutazama mbali: Fort Jesus kule Mombasa, au makumbusho ya Nairobi. Bura haitajwi, ilhali mtu akidamka alfajiri anaweza kwenda huko na kurejea siku iyo hiyo. Nasema Bura ya ukingo wa magharibi, katika Kaunti ya Tana River, wala si ile Bura ya Fafi. Majina haya yamewachanganya wageni wengi.

Safari yenyewe ni nyepesi. Huvuka daraja la Tana, hupita Madogo, kisha hushika njia ya kusini iendayo Hola na Garsen. Nje ni vichaka na vumbi, na ngamia wakijiendea zao. Halafu ghafla huonekana mifereji iliyonyooka, na vijiji vilivyopewa nambari badala ya majina. Huo ni mji uliozaliwa na mradi mmoja.

Mradi wa Unyunyizaji Maji wa Bura ulibuniwa katika miaka ya 1970, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili. Azma ilikuwa kulima hekta 6,700 na kuwapa makao maelfu ya jamaa wasio na ardhi kutoka pembe zote za Kenya, walime pamba na mahindi. Walowezi wa kwanza waliingia mapema katika miaka ya 1980. Gharama zilifura mno, na eneo likaishia hekta kama 2,500 tu. Maji, ambayo yangaliletwa kwa mteremko, yakavutwa kwa pampu za dizeli pale Nanigi. Hapo ndipo roho ya mji ilipotundikwa. Pampu ikizimika, pamba hunyauka. Pamba ikinyauka, duka hufungwa na mwalimu huona madawati yakibaki matupu. Mwishoni mwa muongo huo mradi ulikuwa hoi, na wengi wakaondoka.

Uingereza nayo ina miji ya namna hii. Mabonde ya Wales yalijaa watu kwa sababu ya makaa ya mawe, na migodi ilipofungwa watu walibaki na nyumba bila kazi. Tofauti ni kwamba makaa huisha au hukosa soko, ilhali mto Tana ungali unapita pale pale, macho yakiuona.

Mwalimu wa biolojia asibaki nyuma. Mathenge, ule mti wa miiba unaoziba njia na mifereji, ulipandwa Bura katika miaka ya 1980 ili walowezi wapate kuni wasiumalize msitu wa kando ya mto. Nia ilikuwa njema. Leo mti huo umetapakaa hata kwenye malisho, na wafugaji hulalamika kwamba maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi.

Vitabu vya jiografia huwafunza watoto wetu Mwea na Perkerra. Sawa. Lakini mtoto wa Kaskazini Mashariki, ambaye kila mwaka husikia ahadi ya mradi mpya, anahitaji zaidi kuuliza mbele ya mfereji mkavu: nani aliamua maji yaje kwa pampu? Mpokomo na Muorma waliulizwa nini? Aone pia kwamba Bura haikufa. Serikali iliufufua mradi kuanzia 2005, na mahindi ya mbegu yamelimwa huko.

Wakiwa na wasaa, wasonge mbele hadi Hola. Mifereji ya mwanzo huko ilichimbwa na wafungwa wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi hiyo, na wakoloni wakadai kwanza kwamba maji ya kunywa ndiyo yaliyowaua. Mwaka 1989 mto Tana ulihama njia yake, na mashamba ya Hola yakakauka.